Maswali na Majibu: Rupia za Babu, Kutu ya Kijani na Visarafu vya Kilwa

Barua nyingi safari hii zimetoka Kusini, kuanzia Mikindani mpaka Kilwa. Baadhi tumezifupisha. Majina ya walioandika tumeyaacha, kwa sababu mtu akijulikana ana rupia nyumbani hakosi wageni wa usiku.

Shikamoo. Babu yetu amefariki na kuacha kopo la maziwa lenye sarafu: heller za shaba, pesa zenye maandishi ya Kiarabu na rupia tatu za fedha. Fedha imekuwa nyeusi, shaba nyingine zina unga wa kijani. Mjomba anasema nizisugue kwa ndimu na majivu zing'ae, ndipo nitafute mnunuzi. Ni sawa? (Mikindani)

Marahaba, na poleni kwa msiba. Mwombe mjomba asubiri. Ndimu ni asidi, inakula shaba. Majivu yana chembe ngumu zinazokwaruza. Ile rangi ya kahawia kwenye heller, zile sarafu ndogo za enzi za Wajerumani, ni ngozi iliyojijenga kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndiyo inayoikinga shaba. Ukiitoa, sarafu hubaki na wekundu wa kitoto ambao mkusanyaji yeyote anautambua kabla hajaishika, na bei hushuka hapo hapo. Dawa ya meno, mchanga, stiliwaya na soda za chupa zina madhara yale yale. Weusi wa rupia nao uache. Ni salfa ya hewani imeshikana na fedha, haili kitu.

Unaloweza kufanya ni kuondoa vumbi na chumvi. Tenga fedha na shaba. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri: asidi ya betri hukaa rafu ile ile, na wauza duka wengine huita vyote viwili "maji ya betri". Laza sarafu kwenye bakuli la kioo bila kupandana, funika, badilisha maji kila baada ya saa 24 kwa siku tatu au nne. Maji ya bomba ya pwani hayafai, na ya mvua yaliyopita juu ya bati lililo karibu na bahari hayafai pia, yote yana chumvi. Ukizitoa, zigandamize kwa kitambaa laini cha pamba bila kusugua, kisha ziache mahali pakavu penye joto kwa saa kadhaa.

Sasa unga wa kijani. Chukua kijiti cha meno uguse. Kama kijani ni cheusicheusi, kigumu, kimelala sawa na uso wa sarafu, kiache kama kilivyo. Kama ni kijani mpauko, kinamomonyoka na chini yake kuna kishimo, hiyo ni maradhi ya kloridi. Chumvi imeingia ndani ya shaba. Kila unyevu unapoongezeka inatengeneza asidi, asidi inakula shaba, na chumvi ile ile inabaki tayari kwa mzunguko mwingine. Ndiyo maana ukifuta unga leo, utaukuta tena masika yakianza. Kwa upepo wa Mikindani hili ni tatizo la kila mwenye sarafu za shaba.

Dawa yake ni mchanganyiko wa soda mbili. Kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa weka gramu 22 za bekingi soda na gramu 28 za soda ya kufulia isiyo na sabuni wala manukato. Ya kufulia ikikosekana, itengeneze: tandaza gramu 45 za bekingi soda kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, weka jikoni moto wa wastani, koroga mpaka iache kutoa mvuke na kuchezacheza, kama saa moja. Itabaki karibu gramu 28, na huo wepesi ndio ushahidi kwamba imegeuka. Sufuria ya alumini usitumie, soda moto huila. Bekingi pauda nayo usiiguse, ina wanga na asidi.

Wapo watakaouliza kwa nini usitumie magadi ya sokoni. Kikemia swali ni zuri, maana magadi ghafi ni mchanganyiko huo huo wa soda mbili, umejitengeneza wenyewe ziwani. Lakini yamekuja na chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi ndiyo tunayoifukuza.

Kwaruza unga kwa kijiti cha meno au mwiba, laza sarafu ndani ya dawa, funika. Badilisha dawa kila wiki. Kazi hii huchukua wiki nne mpaka nane. Dawa ikigeuka buluu iliyokolea, inayeyusha na ngozi nzuri, kwa hiyo toa sarafu, pumzisha kwenye maji matupu, kisha rudi na dawa mpya. Kwa sababu hiyo hiyo usitumbukize sarafu isiyo na maradhi "kwa tahadhari". Mwishoni loweka tena kwenye maji yaliyotoneshwa kwa siku nne, kausha, kisha ijaribu: iweke kwenye chupa ya kioo yenye kipande cha pamba iliyoloa, visigusane, funga kwa siku mbili. Unga ukirudi, chumvi bado imo. Anza upya.

Rupia za fedha zisiingie kwenye dawa hii.

Nina sarafu mbili za shaba zenye Kiarabu. Moja ina picha ya mizani, nyingine ina ndege. Zote ni za Zanzibar? (Kilwa Kivinje)

Ya mizani ndiyo ya Zanzibar, pesa ya Sultani Barghash bin Said. Chini ya mizani kuna mwaka wa Hijria, ama 1299 au 1304. Ya ndege ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: tai upande mmoja akizungukwa na jina la kampuni kwa Kijerumani, na upande wa pili Kiarabu ndani ya shada. Miaka yake ni 1307, 1308 na 1309. Kupata mwaka wa Miladia kwa haraka, zidisha wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1299 inakuwa 1882, na 1307 inakuwa 1890. Hesabu hii inaweza kupotoka kwa mwaka mmoja, si zaidi.

Zote mbili ziliwahi kuzagaa pwani nzima. Zilizolika huuzwa rahisi. Yenye maandishi yote yanayosomeka na ukingo usiopigika ndiyo ya kutafuta.

Niliziweka sarafu kwenye albamu ya plastiki nzuri. Baada ya miaka miwili zina ute wa kijani unaonata, mpaka zile za fedha. Ni maradhi uliyoyaeleza toleo lililopita? (Newala)

Hapana. Maradhi ya shaba ni unga mkavu, wako unanata. Ute huo umetoka kwenye plastiki. Mifuko laini inayonukia kama pazia jipya la bafu ni ya PVC, na kilainishi chake hutoka polepole kikashika chuma. Joto huharakisha.

Unaondolewa kwa asetoni halisi, ya duka la kemikali au la rangi. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na rangi, itakuachia utando mwingine. Mimina kwenye glasi, siyo chombo cha plastiki, loweka dakika kumi, geuza, rudia kwa asetoni safi, kisha acha ikauke yenyewe. Fanya nje, mbali na jiko na sigara: mvuke wake unashika moto hata kwa cheche iliyo mbali kidogo. Asetoni haili shaba wala fedha.

Kisha tupa albamu. Hamishia kwenye vibahasha vya kadi vyenye dirisha la mailari (plastiki angavu isiyo ya PVC), au funga kila sarafu kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi. Mpira wa kufungia noti usikae karibu na fedha, una salfa. Kabati la plaiwudi au la mbao mbichi hutoa hewa ya asidi kwa miaka. Kopo la plastiki gumu lenye kifuniko kinachobana ni bora zaidi, na ndani yake weka silika jeli (punje za kunyonya unyevu), gramu 100 kwa kopo la lita tano. Ikilowa, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele wanaoupenda wengi hunyonya kidogo sana, na huleta fukusi.

Jambo moja la Newala kwa Newala: msimu wa korosho osheni mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kushika sarafu. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi na yananata. Alama ya kidole chenye mafuta hayo juu ya shaba haitoki bila kuacha kovu. Na shikeni sarafu kwa ukingo siku zote.

Kuna dalali anazunguka Masasi akisema ananunua "rupia ya tembo" ya dhahabu kwa mamilioni. Jirani yangu anayo ya njano ya mwaka 1916, yenye herufi T. Dalali anataka kwanza alipwe ada ya kuipima, tena anasema rupia halisi huvuta punje za mchele. Tumwamini? (Masasi)

Rupia ya tembo ipo kweli, na ndiyo inayowapa matapeli nguvu. Vita vya Kwanza vilipofunga njia ya baharini, Wajerumani walikosa sarafu, wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora mwaka 1916. Herufi T ni ya Tabora. Walitoa aina tatu: heller 5, heller 20, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilipigwa elfu kumi na sita na kidogo tu kabla Wabelgiji hawajauchukua mji Septemba mwaka huo. Upande mmoja una tai, wa pili una tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake.

Heller 20 zilipigwa kwa shaba na kwa shaba njano, nyingine kutokana na maganda ya risasi na mizinga. Hizo ni nyingi, ni za njano, zina T na 1916. Tunaelekea kuamini jirani ana mojawapo. Aangalie picha: heller 20 ina taji na mwaka upande mmoja, thamani upande wa pili, haina tembo, na upana wake ni kama milimita 29. Ya dhahabu ni ndogo, milimita 22.

Kama tembo yupo, ipimwe bila kumlipa dalali chochote. Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inatosha. Rupia 15 halisi ina gramu 7.17 hivi, dhahabu ya 750 kwa 1000. Nakala ya shaba njano yenye ukubwa ule ule haiwezi kufika hapo, itakuwa na gramu nne na kitu. Mwigaji akiinenepesha ili ifike uzito, kalipa (kifaa cha kupimia unene) itamuumbua.

Kipimo cha pili ni cha maji, na kinafaa kwa sarafu yoyote. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, ondoa mapovu, soma namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Rupia 15 itasoma karibu 0.48, na jibu litakuwa jirani na 15. Rupia ya kawaida ya fedha yenye gramu 11.66 itasoma 1.13, jibu 10.3. Riale ya Maria Theresa, gramu 28.07, itasoma 2.8, jibu 10. (Hiyo ya mwisho ina mwaka 1780 hata kama imepigwa juzi. Mwaka wake haukubadilishwa tena, kwa hiyo usimlipe mtu kwa ajili ya tarehe.) Jibu likija 8 na nusu ni shaba njano, likija 8.9 ni shaba au nikeli yenye shaba.

Kuhusu mchele: dhahabu, fedha na shaba hazivuti punje ya nafaka. Punje iliyosuguliwa kwenye plastiki huruka kwa umeme tuli, na punje iliyopakwa unga wa chuma hufuata sumaku iliyofichwa kiganjani. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi. Akitaja ada ya kupima, ya kibali au ya kusafirisha, mwonyesheni njia ya kituo cha polisi.

Heller 10 yangu ina tundu katikati. Imetobolewa na sonara? (Lindi Mjini)

Imezaliwa nalo. Heller 10 zote za nikeli na shaba, 1908 hadi 1914, zina tundu, na heller 5 za 1913 na 1914 pia. Tundu la kiwandani liko katikati kabisa na lina ukingo ulioinuka kuzunguka. Lililotobolewa ili sarafu ivaliwe shingoni huwa karibu na pembeni, limekata herufi, halina ukingo. Rupia nyingi za Kusini zilifanywa vidani na kuchomelewa kikuku. Usikitoe kikuku: lehemu huacha doa, na kidani cha zamani kina wapenzi wake.

Baba alifanya kazi kwenye mradi wa karanga. Ameacha shilingi za simba za 1949 na 1950, na senti kumi ya 1936 ya Mfalme Edward. Shilingi ni fedha? Na hiyo ya Edward, mfalme aliyejiuzulu mwaka huo huo, si adimu sana? (Nachingwea)

Shilingi zako hazina fedha. Za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha. Kuanzia 1948 ni nikeli na shaba, na jina la mfalme limeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX, bila ile sehemu ya kumwita Kaizari wa Uhindi. Zilimwagika Nachingwea na Mtwara enzi za karanga, bandari na reli. Mpaka leo zinapatikana kwa wingi, chagua tu zile ambazo manyoya ya simba yanaonekana.

Senti ya Edward nayo ni ya kawaida. Kwa sababu sarafu za tundu hazina sura ya mfalme, zilipigwa kwa wingi bila kusubiri picha yake, naye akaondoka Desemba. Anayekuuzia kwa bei ya "mfalme wa miezi kumi na moja" anauza hadithi.

Maji yakipwa watoto huokota visarafu vidogo vya shaba karibu na magofu. Watalii huuliza. Tunaweza kuwauzia? (Wilaya ya Kilwa)

Hapana, na hapa hatuna lugha ya kuzunguka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu nchini kabla ya 1863. Sarafu za masultani wa Kilwa zina umri mara kadhaa ya huo. Kuzichimba, kuziuza au kuzitoa nje bila kibali ni kosa.

Lakini sababu kubwa iko kwenye sarafu yenyewe. Visarafu vya Kilwa havina mwaka. Upande mmoja una jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu yanayofanya vina na jina hilo, ubeti mzima kwenye shaba ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Kwa kuwa tarehe haikuandikwa, mtaalamu huipata kwenye tabaka la udongo na vitu vilivyolala jirani. Lundo la zaidi ya sarafu 300 lililofukuliwa Songo Mnara lilieleweka kwa sababu lilikutwa mahali pake. Vipande vitano vilivyookotwa mwaka 1944 ufukweni mwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, bado vinabishaniwa vilifikaje huko, kwa vile aliyeviokota hakuacha tabaka la kuchunguza.

Kwa hiyo mtoto akikiona: kiachwe palipo, piga picha ya karibu ukiweka kiberiti pembeni kuonyesha ukubwa, piga nyingine ya mbali yenye mti au ukuta, kisha mpe taarifa mtendaji wa kijiji au mhifadhi wa magofu. Kama kimeshaokotwa, kisioshwe, kifungwe kwenye karatasi, na juu yake iandikwe mahali na tarehe. Mtalii mwambieni wazi kwamba atakamatwa uwanja wa ndege.

Wahariri, salaam. Nimekusanya kwa zaidi ya miaka arobaini, kuanzia pesa mpaka shilingi mia tano yenye nyati. Watoto wapo Dar, hawana habari nazo. Nikifa zitauzwa kwa kilo. Nifanyeje? (Mtwara Mjini)

Shikamoo mzee. Zitauzwa kwa kilo kama hakuna maandishi, kwa sababu warithi wataona chuma tu. Rupia moja ina fedha safi gramu 10.7, shilingi ya 1921 haifiki gramu mbili. Anayepima kopo zima kwenye mizani moja analipia hicho tu.

Andika daftari, ukurasa mmoja kwa kila sarafu nzuri na mstari mmoja kwa zile za kawaida: namba, thamani, mwaka na herufi ya kiwanda (A ni Berlin, J ni Hamburg, H ni Birmingham, SA ni Pretoria), uzito, upana, hali, ilipatikana wapi na kwa bei gani. Namba hiyo hiyo iandikwe kwa penseli kwenye kibahasha, isigusane na sarafu. Picha zipigwe kando ya dirisha asubuhi, simu ikiwa imeegemezwa juu ya vikombe viwili, mwanga ukitoka ubavuni ili michoro iinuke. Taa ya simu huifanya fedha kuwa doa jeupe.

Kisha gawa mafungu matatu: la kuuzwa, la kubaki katika ukoo, la kupewa umma. La mwisho lipeleke mwenyewe ungali na nguvu, Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam au shule iliyo tayari kulifungia kabatini, kwa hati ya makabidhiano yenye picha na saini mbili. La kuuzwa lisiende kwa mtu mmoja siku moja. Mnunuzi wa kwanza huchota zile nne au tano nzuri na kukuachia zilizobaki.

Kuhusu watoto, sisi tungeruka kizazi kimoja na kwenda kwa wajukuu. Usiwape rupia kwanza. Wape kazi ya kutafuta seti ya 1966: senti tano ya samaki yenye pembe kumi na mbili, ishirini ya mbuni, hamsini ya sungura, shilingi ya mwenge. Ongeza senti kumi ya pundamilia ya 1977 na shilingi tano ya 1971 yenye pembe kumi. Zipo kwenye makopo ya vifungo na droo za cherehani za bibi zao, na bei yake inaruhusu mtoto kukosea. Anayeirudisha seti imetimia mpe daftari la pili, tupu, na mizani.